Maji ya javeli niliyoonja mbele ya wote

Jamani, muniombee. Tumbo yangu iko salama bado, lakini moyo hapana.

Leo asubuhi, ku dispansari ya shamba ya maua ya piretre huku Masisi, muganga wetu Papa Bahati alitia javeli, ile dawa ya kuua vidudu, mu maji ya muto.
Akaweka tone moja chini ya mikroskopi ya Muzungu mwenye shamba, akaniita miye mwenye kugawa maji niangalie.
Vidudu vyote kimya!
"Vimekufa, Mama Furaha. Gawia watu."

Watu wakakataa. Maji iko inanuka, iko sumu!
Munajua kwetu: mwenye kukupa kinywaji njo anaonja kwanza.
Basi nikakunywa kikombe kizima.
Wakaniona, wakanyoosha vikombe, wakakunywa, hata mama mumoja mwenye mimba.

Kisha jua likatoka, likapiga ile mikroskopi, tone likapata joto.
Papa Bahati akainama tena.
"Mama Furaha, kuya uone."
Vilikuwa vinacheza!
Kumbe baridi yetu ya asubuhi njo ilikuwa imevilaza, si javeli.

Ninyi mungesema nini?
Miye nilienda kuwaambia wasikunywe tena.
Yule mwenye mimba akacheka, akanyoosha kikombe tena:
"Aah, mama, si weye mwenyewe ulionja?"