Kocha wa Kindu anayewafundisha wachezaji kumuuliza kapiteni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, wasichana kumi na wanne wanakimbia kwa mstari mmoja, wakitoka nje ya uwanja wao.

Anayeongoza ni kapiteni Déborah, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Anapita chini ya kikapu, anavuka mstari wa majivu unaoonyesha mwisho wa uwanja, kisha anaendelea kuelekea mtaro wa maji machafu nyuma ya shule. Wenzake wanamfuata mguu kwa mguu.

Pembeni amesimama mwanamke mrefu mwenye ushungi wa bluu, filimbi mdomoni. Hapulizi. Anahesabu hatua.

Wamebakiza kidogo kuufikia mtaro ndipo msichana wa mwisho kwenye mstari anapopaza sauti: "Kapiteni, tuko tunaenda wapi?"

Filimbi inalia.

"Hatua makumi ine na moja," anasema kocha. "Jana zilikuwa makumi mbili na tisa. Leo mumelala. Mutaro iko mbele yenu, munauona na macho yenu, na hakuna muntu anauliza."

Wote wanazungushwa uwanja mara nne, isipokuwa wawili: aliyeuliza, na Déborah, ambaye alikuwa ametumwa na kocha kuwapoteza wenzake makusudi.

Zoezi hilo hufanyika kila siku ya mazoezi katika uwanja huu wa udongo, kwenye komuni ya Kasuku, mjini Kindu. Hakuna kitabu cha mpira wa kikapu kinacholieleza. Aziza Soudi, mwenye umri wa miaka 51, amelibuni mwenyewe, na anasema lilimgharimu vijana watano.

Riziki yake ni cherehani. Hushona sare za wanafunzi sokoni Kasuku, na mwezi wa Septemba, shule zinapofunguliwa, huweza kupata faranga laki mbili. Miezi mingine haifiki hata nusu ya hizo. Ukocha haumlipi kitu. Timu ina mpira mmoja uliozibwa kwa raba ya pikipiki na jozi tisa za viatu. Wanaokosa viatu hucheza peku hadi zamu yao ifike.

Alipoanza kazi hii mwaka 1997, akiwa binti wa miaka ishirini na tatu, timu yake ilikuwa ya wavulana. Mwalimu wake wa mazoezi ya mwili alikuwa amehamia Kisangani, akamwachia filimbi. Baba yake, naye mshonaji, aliulizwa msikitini kwa nini binti yake anakimbia uwanjani na wavulana. Akajibu kwamba anafundisha, na kufundisha si dhambi.

Wavulana wale walikuwa wanane, wote wakali wa mpira na wote wabishi. Kila mmoja alitaka kutoa amri. Walishindwa mechi tisa mfululizo.

"Nikawapa sheria," anasimulia Aziza huku mguu wake ukikanyaga cherehani. "Kapiteni akisema, munaenda. Hakuna swali. Maswali iko kisha mechi. Nilisema hiyo njo uongozi. Niliona nimefanya kazi kubwa sana."

Sheria ilizaa matunda. Kapiteni, kijana wa miaka kumi na saba aliyeitwa Exaucé, alikuwa na sauti ya upole na hakuwahi kumdharau mwenzake. Timu ikaanza kushinda. Wazazi waliwaona watoto wao wakiamka mapema, wakisalimia wakubwa, wakifika kwa wakati. Aziza akawa mtu wa kusifiwa.

Vita vilikuwa vimeshaanza. Kufikia mwaka 2002 mji ulikuwa umezingirwa. Garimoshi lilikuwa halifiki tena, na aliyethubutu kwenda shambani kutafuta mihogo hakuwa na hakika ya kurudi. Ndani ya mji walikuwepo askari, na nje, msituni, walikuwepo wapiganaji wengine. Vijana walicheza mpira wakiwa na njaa, kwa sababu uwanjani angalau walikuwa pamoja.

Mwezi wa Juni mwaka huo, baba yake Exaucé alipigwa kwenye kizuizi cha askari kwa sababu ya gunia la mchele. Alikaa siku tatu akafariki.

Exaucé, wakati huo akiwa ametimiza miaka ishirini na mbili, alirudi mazoezini baada ya matanga. Jumanne moja, mazoezi yalipokwisha, aliwaambia wenzake neno moja: "Twendeni." Wakafunga viatu vyao kwa kamba, wakavitundika shingoni, wakateremka kuelekea mto Lualaba.

Hapo Aziza anaacha kukanyaga cherehani.

"Nilidhani wanaenda kuoga," anasema.

Mmoja wao alibaki nyuma. Aliitwa Espoir, aliyeingia timuni baadaye, wakati huo akiwa na miaka kumi na sita, mdogo kuliko wote. Alikuwa ametoka Tunda, katika territori ya Kibombo, akiishi kwa shangazi yake ili asome. Alimwendea kocha wake, ambaye vijana walimwita Yaya, yaani dada mkubwa, akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi.

"Aliniuliza, 'Yaya Aziza, na mimi niende?' Nikamuuliza, 'Kapiteni amesema nini?' Akasema, 'Amesema twende.' Nikamwambia, 'Basi, enda. Unangoja nini?'"

Anatazama kitambaa kilicho mezani. "Alikimbia ili awafikie. Nilimuona mugongo yake. Nilikuwa hata na kiburi kidogo, kwamba mutoto amejifunza."

Vijana wanane walivuka mto kwa mtumbwi, wakaingia msituni kujiunga na wapiganaji. Waliorudi ni watatu. Espoir hakuwamo.

Exaucé alirudi mwaka 2004, amekonda, jicho moja halioni vizuri. Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ilikuwa ya Aziza. Hakukubali kukaa wala kunywa maji.

Leo ni fundi wa pikipiki huko Lubutu, baba wa watoto wanne. Kwa simu, anakubali kueleza alichomwambia kocha wake siku ile.

"Nilimuambia kweli," anasema. "Nilimuambia: mimi nilikuwa naogopa. Toka uwanjani mupaka kwenye maji, nilikuwa naogopa. Nilisema ndani ya roho yangu, mumoja akiuliza tunaenda wapi, nitasema turudi. Hakuna aliyeuliza. Tulipanda mtumbwi, hakuna aliyeuliza. Walinifuata vizuri, vile Yaya alitufundisha."

Je, kweli angerudi kama angeulizwa?

"Sijui," anasema. "Watu Kindu wanasema nimeua watoto wa wenyewe. Siwezi kukatala. Lakini hiyo swali, hata leo naingojea."

Baada ya siku ile ya mwaka 2004 Aziza aliichoma filimbi yake kwenye jiko la makaa. Kwa miaka tisa hakukanyaga uwanjani. Alipita njia ya mbali kwenda sokoni ili asisikie mpira ukidunda.

Mwaka 2013 mkuu wa shule moja ya mtaani alimwomba awafundishe wasichana, kwani hakukuwa na mwingine aliyejua mchezo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja: kwamba hataingiliwa katika anachofundisha.

Anachofundisha kimemletea maadui. Wazazi wawili wamewatoa binti zao timuni, wakidai anawafundisha ujeuri. Hata Scholastique, mama yake Déborah, anayeuza samaki wa kukaushwa, alikaribia kufanya hivyo.

"Mutoto aliniuliza kwa nini kaka yake haoshi sahani," anasema Scholastique. "Nilitafuta jibu siku nzima, nikakosa. Nilikasirika. Leo kaka yake anaosha, lakini bado nakasirika kidogo."

Pigo kubwa lilikuja Oktoba iliyopita. Shirika moja linalofadhili michezo ya vijana lilikuwa limeahidi kuwajengea wasichana uwanja wa saruji, wenye vikapu vya chuma. Wajumbe walikuja mara tatu, na kila mara walipiga picha. Safari ya tatu waliandamana na mgeni mkubwa, aliyetoa hotuba ndefu kuhusu vijana kuwa viongozi wa kesho. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye neno.

Déborah akainua mkono. "Mzee, asante kwa kuja. Mumetupiga picha mara tatu. Uwanja iko wapi?"

Watu wachache walicheka. Mgeni hakucheka. Siku mbili baadaye Aziza aliletewa ujumbe wa shirika kwamba timu haina nidhamu, na kwamba kapiteni aombe radhi kwa maandishi.

Aziza anakiri bila kuficha alichofanya. Hakumwambia Déborah. Aliandika barua mwenyewe, akatia jina la msichana chini, akaipeleka ofisini kwa mikono yake.

"Nina miaka makumi tano na moja," anasema. "Nilikuwa nataka ile saruji. Nilikuwa naiona kwenye ndoto."

Barua ilipokelewa. Saruji ilipelekwa mtaa mwingine.

Aliwakusanya wasichana, akawaeleza ukweli wote. Déborah alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Uliomba musamaha kwa jina ya nani?"

"Kwa jina yako."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Msichana alichukua begi lake, akaondoka. Alikaa nyumbani wiki tatu. Aliporudi, alirudi kwa ajili ya wenzake, na anasema hivyo waziwazi. Zamani alimwita kocha wake Mama Kochi. Sasa anamwita Madame, kama wanavyoitwa walimu wasiozoeleka.

"Anafundisha vizuri," anasema Déborah, akifuta vumbi miguuni. "Lakini alifanya ile anatukataza. Nilimuambia, kama unatafuta kuomba musamaha, enda uombe kwa jina yako, kwa muntu ulimukosea kweli."

Hakujua, wakati anasema hivyo, kwamba mtu huyo yupo. Anaitwa Clémentine, mkulima wa mpunga huko Tunda, mama yake Espoir. Kwa zaidi ya miaka ishirini Aziza amemtumia salamu kupitia wafanyabiashara wa Kibombo, na mara mbili amemshonea gauni. Hajawahi kwenda. Clémentine anajua tu kwamba mwanawe alichukuliwa na kapiteni.

Safari imepangwa mwezi wa Julai, shule zikifungwa na njia ikikauka. Ni siku mbili juu ya pikipiki. Aziza tayari ametuma habari kwamba anakuja, bila kueleza sababu.

Jibu lilifika wiki iliyopita, kwa mdomo wa mchuuzi wa mafuta ya mawese. Clémentine amefurahi sana. Ameomba Mungu amlinde njiani mwalimu aliyempenda mwanawe, na amesema ametenga jogoo wa kumchinjia siku atakapofika.

Aziza ameulizwa na mwandishi kama anatarajia kusamehewa. Anatikisa kichwa.

"Sikufikiria hiyo," anasema. "Nafikiria ule jogoo. Lazima niseme kabla hawajamuchinja."