Bundu Iliyopoa

Shangazi yangu Edisa wa Bwera hakuwa mvivu. Anayesema hivyo hakumwona akichimba muhogo. Lakini mwaka ule wa sabini na tatu, askari walipomkamata mumewe Asanasio na gunia la kahawa, wakasema ni ya magendo, miguu ya shangazi iligoma.

Kambi ya askari hao, alimofungwa Asanasio, ilikuwa kilimani, juu ya barabara ya mpakani. Wake wengine walipeleka chakula getini. Kuna aliyepokewa, na kuna aliyeambiwa mtu huyo hayupo, akarudi na chakula chake. Sote tulijua maana yake.

Kila asubuhi Edisa alisonga bundu, ugali wetu wa muhogo, akaifunga kwa majani ya mgomba, akatoka. Akifika chini ya kilima, anatazama geti, hapandi. Anasimama pale mpaka bundu inapoa, ndipo anapata sababu ya kurudi. Kwetu Wakonzo mke hampi mumewe bundu baridi, ni dharau. Basi atapeleka kesho, ya moto. Chakula cha Asanasio tukala sisi jioni.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa lake. Siku moja Martine, mfanyabiashara wa samaki kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka, ambako ugali huitwa bukari, alimkuta amesimama palepale, akaambiwa bundu imepoa.

"Mama Edisa, mutu ya njaa haulizake kama bukari iko moto ao baridi. Unaogopa nini?"

"Naogopa watasema hayuko."

"Na kama iko, anakufa njaa sababu ya woga yako?"

Edisa alikumbatia furushi lake. Alipanda akimwomba Mungu njia isiishe, mpaka askari wa getini akamfokea.

"Wewe! Unataka nini hapa?"

"Afande, naleta chakula ya bwana yangu. Asanasio." Jina lilimtoka kwa shida.

Askari akachukua furushi, akaingia nalo ndani. Edisa alishikilia mti wa geti. Alikaribia kukimbia kabla ya kuambiwa neno.

Askari akarudi mikono mitupu, amekunja uso.

"Mama, huyu mutu yako ni jeuri sana. Anasema bundu iko baridi."

Edisa aliketi chini palepale, akalia kwa furaha. Hofu haikumtoka. Kesho yake alipanda kile kilima mbio, anaogopa vilevile, majani ya moto yakimchoma mikono.