Trekta la Bustani

Mtu akitaka kujua kama nimefanikiwa asiniulize mimi, maana nitamweleza mpaka achoke. Aende Mandewa mwezi wa tisa, wakati Singida yote imekauka na mbuzi wanatafuna makaratasi, asimame kwenye seng'enge yangu atazame ndani. Ataona kijani. Ule ukoka niliupanda mimi, kisima kirefu nikakichimba kwa ajili yake, na zamani ulikuwa unatosha timu mbili kucheza mpira na watazamaji wakapata pa kukaa. Kwa nini nasema zamani, ndiyo habari yenyewe.

Mimi sikusoma. Darasa la nne nilitoka nikaingia kwenye kuku. Nilikuwa nanunua kuku wa kienyeji vijijini, nawafunga kwenye baiskeli vichwa chini, nawaleta mjini. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, wenye vyeti vyao walikuwa bado wanaulizana kama kweli tumeruhusiwa, mwenzao nimeshapata mashine ya kukamua alizeti, na lori juu yake. Nikajenga. Nilipomaliza kujenga nikasema, mtu aliyefika hapa lazima awe na kitu kimoja cha kutazama tu. Ng'ombe kila mtu anao. Majani yasiyoliwa na ng'ombe nilikuwa nayo mimi peke yangu.

Asiyeyapenda alikuwa mke wangu. Yeye ni mtu wa vitunguu, ameuza vitunguu sokoni tangu tunalala chumba kimoja cha kupanga. Kila alipopita pale aliutazama ukoka kama mtu anayeona uji unamwagwa.

"Baba watoto, maji yote haya yananywewa na majani," alikuwa ananiambia. "Nipe nusu tu nipande vitunguu."

"Kitunguu kina sifa gani?" namjibu. "Kila mtu anacho."

Siku moja akaja mdogo wake, shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Huyo ana maneno kuliko mshahara. Akakuta ukoka umefika magotini. Vibarua walikuwa wanaukata kwa fyekeo, na wakifika mwisho wa uwanja, kule walikoanzia pameshaota tena.

"Shemeji," akasema, "siku hizi unafuga nyoka?"

"Mwalimu, mambo haya huyajui. Hii ni bustani. Na nasema mbele ya dada yako, maadamu nipo hai, hapa patakuwa bustani, si kitu kingine. Naenda Dar kununua mashine ya kukatia, ile ya kukaa juu kama dereva. Mpya, ya kwenye boksi. Mtumba sitaki."

"Umesikia, mdogo wangu?" mke wangu akauliza.

"Nimesikia, dada. Bustani."

Wakatazamana wote wawili. Nikajua nimewaweza.

Dar tulikwenda pamoja, kwa sababu mke wangu hajapata kuniachia nikanunue hata sufuria. Dukani tulipokewa na kijana wa tai. Akatuamkia vizuri, akanipa soda, akatuonyesha mashine mbili za kukalia. Moja nyekundu, ndogo, imelala chini kama kobe. Nyingine ya njano, imenyanyuka, magurudumu ya nyuma mapana, na kiti chake, nakwambia, kiti cha mkuu wa wilaya.

"Hii nyekundu ina nguvu za farasi kumi," kijana akasema. "Ya njano inapita hapo sana."

"Farasi sijawahi kufuga," nikamwambia. "Kwa punda ni wangapi?"

"Mzee, punda hatujawapima."

"Basi mje Singida mpime."

Akacheka mpaka tai ikakaa pembeni. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amezunguka nyuma ya ile ya njano, ameinama, ameshika chuma chenye tundu kilichotokeza pale mkiani.

"Mwanangu, hiki cha nini?"

"Cha kuvutia, mama. Unafunga tela, au jembe dogo la kulimia. Hili ndilo wanaita trekta la bustani."

"La bustani," akarudia.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapanda kitini, nazungusha usukani. Niliyasikia hayo yote, lakini niliyapokea kama maneno ya dukani. Lililoniingia ni hilo la bustani, maana ndilo neno nililolitangaza kwangu. Kijana, kwa haki yake, hakunidanganya.

"Mzee, kama shida yako ni majani tu, chukua nyekundu. Inakata chini zaidi, na ni nyepesi, haikandamizi ukoka. Hii ya njano ni ya mtu wa kazi."

"Nani amekwambia mimi si mtu wa kazi?"

"Hapana mzee, sikusema hivyo."

Nikamgeukia mke wangu. "Unaonaje?"

"Chagua wewe, baba watoto," akasema kwa upole ambao ningekuwa na akili ungenitisha. "Mwenye kujua mashine ni wewe."

Nikachagua njano. Nikaenda kuandikiana na mwenye duka kule ndani, nikachelewa kidogo kwa sababu ilibidi nimsimulie habari za kuku na baiskeli. Nilipotoka, trekta lilikuwa limeshafungwa kwenye lori langu chini ya turubai, na pembeni yake kuna kitu kirefu kimeviringishwa kwenye magunia. Sikuuliza. Nani anauliza mwanamke amenunua nini Dar?

Njiani kurudi, Kintinku, tulisimama kula, watu wakafunua turubai kutazama.

"Linalima?" mzee mmoja akaniuliza.

"Halilimi, mzee wangu. Linanyoa majani."

Mke wangu akageuza uso akatazama upande wa reli.

Siku ya kwanza Mandewa niliunyoa ule ukoka mistari mistari, watu wamejaa kwenye seng'enge. Nikatangaza kwa sauti kwamba hakuna kiumbe mwingine atakayekalia kile kiti, si dereva wangu wa lori, si mtoto wangu, mimi tu.

Kesho yake asubuhi, nikiwa kitini naanza tena, akaja mke wangu na mdogo wake. Mwalimu amebeba yale magunia begani. Wakayafungua: jembe la chuma, jipya, linang'aa.

"Shemeji," mwalimu akasema, "ulisema hapa patakuwa bustani."

"Na si ndiyo hii?"

"Dada, bustani ni nini?"

"Mahali pa vitunguu na mchicha."

"Hiyo ni bustani ya mboga," nikasema. "Mimi nilisema bustani."

"Mimi ni mwalimu, shemeji. Nikimwambia mtoto anionyeshe bustani ya shule, ananipeleka kwenye mchicha. Wewe shuleni kwenu, mwalimu akisema bustani, alikuwa anakupeleka wapi?"

Hapo akanibana. Miaka yangu minne ya shule, kitu nilichokifanya kwa bidii ni kumwagilia bustani kwa kopo, na ilikuwa mchicha mtupu. Ua hata moja halikuwepo.

"Nusu tu," mke wangu akasema, huku ameshachomeka jembe kwenye lile tundu. "Kama hutaki kulima, shuka. Nitaendesha mwenyewe."

Akaweka mguu kwenye kikanyagio. Kwenye seng'enge walikuwepo walewale wa jana, walioisikia ile habari ya kiti. Nikamtazama mke wangu, nikawatazama wale watu, nikakishika kiti changu kwa mkono mmoja.

"Ondoa mguu, mama watoto," nikasema. "Unataka nianzie wapi?"

Nililima mimi, na nililima vizuri, matuta yamenyooka kuliko ya watu waliosomea kilimo. Siku hizi wageni wangu jioni wanakaa kwenye nusu iliyobaki, na upepo ukigeuka wanafuta machozi. Wakiniuliza ilikuwaje nikapata mashine inayonyoa na kulima, nawaambia niliona mbali tangu dukani, kijana wa watu akanishauri nyekundu nikakataa. Mke wangu huwa yupo hapohapo anafunga vitunguu mafungu. Hanyanyui hata kichwa.