Nyonta ya Mama Nakato

Nilipokuwa mtoto kule kambi ya polisi, hapa hapa Kampala, tulikatazwa sana kuachia mtu kichwa. Ati nyota yako inakaa utosini. Mtu akikushikashika hapo anaondoka nayo, wewe unabaki kutembea kama kuku mgonjwa. Mimi nyota naamini mpaka leo, mkitaka kucheka chekeni. Lakini kuna watu nimewakasirikia kwa ajili ya hiyo nyota, na hasira haijapoa.

Mama yangu alijua kukanda kichwa. Kazi hiyo alitoka nayo kwao kaskazini. Jumamosi wake za askari walikuja, mmoja anakaa chini katikati ya magoti yake, mama anachukua moo yaa, yale mafuta mazito ya kwetu, anaanza nyuma ya masikio, anapanda pole pole. Weh! Mwanamke amekuja anafoka kama sajenti, saa hizi mdomo wazi, mate yanatoka, anakoroma! Tulicheka mpaka tukafukuzwa. Nyota waliiogopa, ndiyo, lakini kichwa cha mke wa askari kinauma, na mama walimwamini. Mimi, Akello wake, nilikuwa wa mwisho, jioni, na mafuta yaliyobaki kwenye vidole.

Sasa Mama Nakato, jirani yetu Muganda, alikuwa na kibanda cha nguo Nakivubo. Siku hiyo jua kali, amekandwa, ameamka, mama akampa kikombe cha maji. Akatoka nje anapangusa midomo, akapaza sauti:

"Banange! Mama Akello ameniondolea nyonta yote!"

Nyonta kwa Luganda ni kiu. Kiu tu! Lakini pale bombani alikuwa Mama Wanjiru, Mkenya, Luganda hajui. Yeye akasikia nyota. Na Mama Wanjiru habari haiwezi kulala kwake hata usiku mmoja.

Wiki hiyo hiyo kibanda cha Mama Nakato kikavunjwa. Watu wa halmashauri ya jiji walikivunja pamoja na vya wenzake, safu nzima! Kwani mama yangu alikanda safu nzima?

Wanawake wa kambi wakaja mlangoni kwetu, Mama Wanjiru mbele.

"Wewe Mama Akello, rudisha nyota ya mwenzetu!"

"Nyota gani?"

"Usijifanye. Mwenyewe alisema, nilisikia na haya masikio."

Mama akamgeukia Mama Nakato. "Dada yangu, waambie ulisema nini."

Mama Nakato akaangalia miguu yake. "Mimi sijui, nnyabo. Najua tu nimekwisha."

Alijua! Mtu ananyonya Luganda na maziwa, atasahau kiu? Lakini mwanamke aliyevunjiwa kibanda hakuna anayemtazama, wako wengi. Aliyeibiwa nyota, huyo analetewa posho, ule ugali wetu, na maharage, anapewa pole mpaka na mke wa afande. Akanyamaza, akala ile posho. Mimi hapo ndipo damu inanichemka.

Baba akaogopa tutafukuzwa kambini. Akasema, "Kuanzia leo usishike kichwa cha mtu."

Mama akauliza, "Hata cha Akello?"

"Cha mtu yeyote."

Na hakushika. Hata kuninyoa alinipeleka kwa wengine. Nikiwa na homa alinishika mkono, shavu, mgongo, akifika shingoni anarudi. Mtoto unajua, eh! Unajua mkono wa mama yako umesimama wapi.

Juzi mtoto wa kaka yangu akanipeleka saluni moja ya Kisenyi. Msichana akaanza kunikanda kichwa, ananiambia, "Relaks, shangazi." Wanawake wamepanga foleni, wanalipa, hakuna anayeuliza nyota! Niliruka kwenye kile kiti na povu kichwani, nikatukana watu ambao hawapo, saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, machozi yanatoka.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama, Namuwongo. Amezeeka. Nikamwambia, "Mama, nikande."

Akainuka, akafunga mlango. Mchana kweupe!

"Mama, mbona unafunga?"

"Watu, mwanangu."

Baba alishakufa, kambi tuliiacha zamani, na mwanamke huyu bado anaomba ruhusa ya kushika mtoto aliyemzaa. Nyota sijui inakwendaga wapi ikitoka kwa mtu. Hii ya mama najua nani aliila, na aliila na maharage.

Nikainuka, nikaufungua mlango wote, nikauwekea jiwe. Nikakaa chini katikati ya magoti yake. Wapite, waone.