Gitaa Kavu Wiki ya Mbalamwezi

Mke wangu aliniambia nikiwa nimebana bisibisi kwa meno, nimeinamia jenereta ya mteja mmoja wa Katubuka. Albamu yetu ya pili, alisema, itakuwa ya magitaa makavu. Amplifaya zinabaki nyumbani, pedali zinabaki nyumbani, na mpiga dramu atapewa kisanduku cha mbao akipige kwa viganja. Nilitoa bisibisi mdomoni ili nicheke vizuri. Bendi yetu ilijulikana mjini Kigoma kwa jambo moja tu, kelele, na mwenye kelele hizo nilikuwa mimi.

Yeye hakucheka. Alisema, "Safari hii nataka maneno yasikike. Ukiweza kukaa chini ukapiga polepole, tuko pamoja. Usipoweza, yule mpiga gitaa wa kwaya ya Gungu ameshakubali."

Ameshakubali. Yaani walikuwa wamekwisha kuongea. Bendi niliyoianzisha kwenye banda langu la ufundi, mimi ndiye niliyewakusanya wote, na sasa nawekewa mtihani kama mtoto wa darasa la nne. Nilinuna siku tatu, na kwa mtu kama mimi siku tatu za kununa ni kazi ngumu, maana kununa kunataka utulivu.

Tulikuwa wanne. Mpiga besi ni karani bandarini, mtu wa Tanga, mpole hata akikasirika. Mpiga dramu ni mwalimu wa sekondari aliyeletwa na serikali kutoka Singida. Mke wangu ni muuguzi, kwao Njombe, na ndiye mwimbaji na mtunzi wa maneno yote. Mwenyeji nilikuwa mimi peke yangu, mzaliwa wa Ujiji, kwa hiyo nilizoea kuwaita wageni wangu. Tulipiga bluzi nzito, ile yenye gitaa linalokwaruza na kulia. Kigoma wamekulia magitaa matamu ya ng'ambo ya ziwa, yanayotiririka bila kugombana na mtu, na tulipoanza jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mgonjwa wa jino. Baadaye walituzoea. Albamu ya kwanza tuliirekodi kwenye chumba kimoja Gungu, magodoro yamesimamishwa ukutani, na hadi leo naipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Lazima niseme ukweli kuhusu mimi. Sijui kukaa. Siku ya harusi yetu niliondoka ukumbini kabla ya keki kwenda kuangalia jenereta, na jenereta ilikuwa nzima. Chakula nakula nimesimama. Mgeni akija, nampokea, namkaribisha, kisha nakumbuka kuna kitu nje. Mke wangu alikuwa ameacha kuniuliza nakwenda wapi, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni kwa sababu ameridhika.

Mazoezi yalinidhalilisha. Gitaa la umeme linakusitiri. Ukikosea unaongeza sauti, watu wanadhani ulikusudia. Gitaa kavu linakuanika. Kila kidole kilichochelewa kilisikika, na vyangu havikuchelewa, vilikimbia. Siku moja mpiga besi alinigusa bega akanijulisha, kwa adabu zote za pwani, kwamba mimi nimeshamaliza wimbo na wao wako ubeti wa pili. Mwalimu alitazama dari. Mke wangu alisema turudie.

Basi nikatafuta pa kujikomboa. Mke wangu hakutaka tena chumba cha magodoro. Alitaka mahali penye hewa, sauti ipumue. Ndugu yangu alikuwa na nyumba tupu Katonga, hatua chache kutoka majini. Wageni wangu waliogopa mashine za mitumbwi ya dagaa, jinsi zinavyonguruma zikitoka jioni na kurudi alfajiri. Hapo nikapata nafasi ya kuwa mwenyeji. Niliwaeleza kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina maana mwezi ukiwa mkubwa. Wiki ya mbalamwezi wavuvi wako nchi kavu, hakuna mashine hata moja. Twende wiki hiyo, nikasema, mtasikia ukimya ambao hamjawahi kuusikia. Nilisema hivyo mara kadhaa, kwa watu kadhaa, wengine hawakuwa hata wameuliza.

Asubuhi ya kwanza tulifungua madirisha, mpiga besi akaweka kompyuta yake mezani na kutega maikrofoni, mke wangu akavuta pumzi aimbe. Ko, ko, ko. Akaiachia pumzi. Ko, ko, ko, kutoka pande mbili, kisha tano. Nilitoka nje. Mitumbwi yote ya ufuko ule ilikuwa imevutwa mchangani na kulazwa ubavu, na mafundi wako juu yake na nyundo na patasi, wanashindilia pamba kwenye nyufa za mbao. Wanakalafati. Ni lini tena wakalafati, kama si wiki ambayo mitumbwi haiendi majini?

Babu yangu alikuwa mvuvi. Nimekulia kwenye nyundo hizo. Ila nimekaa miaka mingi na jenereta za mjini hadi nikakumbuka nusu ya mbalamwezi, nusu iliyonifaa, nikasahau iliyobaki.

Nilikwenda kwa fundi wa mtumbwi wa karibu, mtu wa rika langu, nikamwamkia kwa Kiha, mwakeye, nipate kukubalika. Nikamweleza habari za kurekodi. Alinisikiliza bila kuacha kugonga. Kisha akaniuliza kwetu wapi. Nilipomjibu Ujiji, aliwageukia wenzake akawatangazia, nao wakacheka hadi mmoja akashuka kutoka kwenye mtumbwi. Walinitania kwamba labda nilizaliwa Ujiji ya kwenye ramani. Hata hivyo alinisaidia. Kazi hawawezi kuisimamisha, alisema, mwezi ukianza kupungua mitumbwi lazima iwe majini. Lakini adhuhuri wanaswali na kula, na alasiri wanaswali tena. Hapo tutapata kimya chetu.

Kwa hiyo siku nzima tulikuwa na vipande viwili vya ukimya, na muda uliobaki ulikuwa wa kungoja. Nadhani hata adui yangu asingenibunia adhabu nzuri zaidi. Siku ya kwanza nilitengeneza bawaba za mlango wa ndugu yangu. Siku ya pili nilifungua pikipiki yangu yote nikaifunga tena. Siku ya tatu mke wangu alificha mkoba wa vifaa, akanielekeza kwenye mkeka, nikakaa.

Yeye alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa, anaupitia wimbo wa mchana kwa sauti ndogo asije akachosha koo. Ulikuwa wimbo wetu mkongwe, tumeupiga jukwaani miaka minne. Niliujua kuliko jina langu, au ndivyo nilivyodhani. Kwangu maneno yake yalikuwa alama za njiani: akisema "nyumba" naingia, akisema "majirani" nakanyaga pedali na gitaa linaunguruma watu wanapagawa. Siku zote nilidhani ni wimbo wa mke wa mvuvi. Sasa sikuwa na gitaa mkononi, na kati ya nyundo na nyundo nikausikia wote, kwa mara ya kwanza.

Nyumba yetu milango miwili,
mmoja wako wa kutokea,
mmoja wangu wa kungojea.
Ukirudi nami sipo
usiulize majirani.

Hapo kwenye majirani, miaka minne, mbele ya watu, nilikuwa nakanyaga pedali.

Nilimuuliza mvuvi wa kwenye wimbo ni nani. Alifumbua macho, akasema hakuna mvuvi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowaambia ndugu za wagonjwa wodini, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari. Mpiga besi na mwalimu waligundua ghafla kwamba wana haja ya kwenda kutazama ziwa.

Niliona aibu, na aibu kwangu hugeuka miguu. Nilisimama. Nilisema tuutoe wimbo huo kwenye albamu; kisha nikasema hapana, ubaki, ila aupige yule wa kwaya, mimi sina haki ya kuupiga. Nilijiona muungwana kweli kusema hivyo. Funguo za pikipiki tayari zilikuwa mkononi, sijui zilifikaje.

"Ukiondoka sasa," mke wangu alisema, "utakuwa umeshauigiza wote, sitakuwa na haja ya kuurekodi."

Nyundo zilikuwa zinapungua moja moja. Wa mwisho aligonga mara mbili, akaacha. Adhana ilisikika kutoka msikiti wa juu. Wenzetu walirudi ndani bila kututazama, mmoja akakaa kwenye kompyuta, mwingine kwenye kisanduku chake. Niliziweka funguo dirishani, nikachukua gitaa, nikakaa mbele yake, magoti yetu karibu kugusana kwa sababu maikrofoni nzuri tulikuwa nayo moja.

Sijawahi kuogopa wimbo kama siku ile. Kupiga gitaa chini ya maneno hayo kulikuwa ni kuyakubali, kila neno, na kuyashikia ili yasianguke. Vidole vilitaka kukimbia tufike mwisho upesi. Niliacha kuhesabu nikafuata pumzi yake, akivuta, nangoja, akiachia, nagusa nyuzi. Kwenye majirani mguu wangu uligonga sakafu wenyewe, ukitafuta pedali. Aliendelea kuimba, akinitazama usoni.

Tulipomaliza mpiga besi alisema ubeti wa kwanza gitaa limeyumba, lakini yeye anaona inatosha. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikilazimisha kurudia. Siku hiyo niliomba kimoyomoyo itoshe, nisiyasikie tena maneno yale. Mke wangu alisema turudie. Tulirudia. Akasema tena. Mara ya tatu alipofika kwenye mlango wake wa kungojea sauti ilimkatika, akafuta uso kwa kanga, akatoa ishara tuanze upya. Nje walikuwa bado wanakula, tulisikia sahani.

Mara ya nne ndiyo iliyoingia kwenye albamu. Wengi waliouchukia muziki wetu wa zamani wanaupenda wimbo huo. Wameanza hata kuuomba kwenye harusi, jambo linaloonyesha kwamba si mimi peke yangu nisiyesikiliza maneno. Husema hapo ndipo mke wangu alipoimba kwa mapenzi kuliko popote, kwamba sauti imelainika kabisa. Mimi sibishani nao. Nilikuwepo, magoti yangu karibu na magoti yake: alikuwa amechoka kunilaumu, na mimi nilikuwa bado nimekaa.