Salamu kwa Mtu Aliye Juu ya Mnara

Shemeji yangu ni fundi wa mnara wa redio, na mtaa mzima unamwita Kunguru kwa jinsi anavyopenda kukaa juu ya vyuma. Dada yangu halipendi jina hilo. Mimi nalipenda, na nitalitumia humu, maana mwenyewe akiitwa hucheka.

Ni mtu mwembamba, mpole, asiye na makuu. Dada ni fundi cherehani, mimi ndiye msaidizi wake, na macho ya Dada kwa vitu vya karibu yameshachoka. Kutunga uzi kwenye sindano kwake ni vita. Basi kila jioni wakishakula, Kunguru huvuta kiti karibu na taa, hutunga sindano za kesho na kuzichoma moja moja kwenye kimto chekundu, huku akimsimulia aliyoyaona kutoka juu: nani kaanika godoro, nani kaezeka upya, nani anamfukuza bata wa jirani. Niliwahi kumwambia Dada anunue miwani tuyamalize.

"Miwani itanisimulia nini?" akanijibu.

Mtaani mnara ule unasingiziwa kila kitu. Muuza magodoro anadai umemletea upara, wakati baba yake na babu yake walikuwa na vipara vya kung'aa kabla redio haijafika huku. Kunguru hamkasirikii. Humweleza taratibu kwamba mawimbi huwa makali karibu na antena na hupungua upesi kadiri unavyosogea mbali, na ndiyo maana ya ule uzio. Mwenye kuhitaji tahadhari ni yeye anayepanda kuyafuata. Mawimbi makali huupasha mwili joto, na macho hayana njia nzuri ya kupoa kama sehemu nyingine.

Dada alikuwa akipiga pasi aliposikia hilo la macho. Tangu siku ile halijamtoka akilini.

Kwenye simu ndiyo mtanisamehe, shemeji yangu ni kero. Siku moja alinikuta nimechomeka simu kifuani, kama tunavyofanya wanawake wengi, akashika kiuno.

"Shemeji, hiyo simu imekukosea nini mpaka unaibana hivyo?"

"Naificha wezi."

"Iweke kwenye mkoba. Na ukiongea, weka sauti ya nje, au tumia waya wa masikioni. Mtandao ukiwa dhaifu ndiyo simu hujitutumua zaidi, kwa hiyo subiri ufike penye mtandao mzuri ndipo uanze umbea wako."

"Kwani inaua?"

"Sijasema inaua. Wataalamu bado wanachunguza, na hawajapata ushahidi wa kututisha. Lakini kuisogeza pembeni kidogo kunakugharimu nini?"

Nilimuuliza basi mbona halalamikii redio ya dukani kwetu tunaposhonea. Akasema redio ile inapokea tu, haina ubaya na mtu. Nikamwambia afadhali hiyo kuliko yeye.

Kazi yake ina utaratibu. Kabla ya kupanda anauzima mtambo wa kurushia matangazo, anaufunga, na ufunguo anautia mfukoni. Kituo kinatoweka hewani. Kule dukani redio inanyamaza, wateja wanadhani imekufa na wanataka kuipiga makofi.

"Usiiguse," Dada huwaambia. "Mume wangu yuko kazini."

Humo katika ukimya ule Dada hushona polepole. Sauti ikirudi anajua mtu wake yuko chini, anavuta pumzi, na cherehani inaanza kukimbia. Kwa miaka yote hiyo sijapata kumsikia akiuliza saa.

Sasa, asubuhi moja redio yetu ikaungua, ikatoa moshi. Kunguru alikuwa mlangoni anaondoka. Akatoa mfukoni kiredio chake kidogo, kile anachopanda nacho ili ahakikishe kituo kimenyamaza kweli, akakiweka mezani mbele ya Dada.

"Na wewe?" Dada akauliza.

"Mimi nina ufunguo. Wewe nisikilizie."

Akaenda zake. Tulikuwa tunakunja pindo za sare za shule, kipindi cha salamu kikiendelea, pale kiredio kiliponyamaza. Dada akapunguza mwendo. Hata sikumaliza pindo moja, muziki ukarudi.

"Leo kawahi," nikasema.

Dada alikuwa ameshaondoa mguu kwenye cherehani. "Amewahi nini? Hata kupanda hajamaliza."

Akapiga simu ya mumewe. Iliita bila kupokewa, maana simu huwa anaiacha chini ndani ya sanduku la vifaa. Namba pekee ya kituo tuliyokuwa nayo ni ile inayotajwa hewani kwa wanaotaka kutuma salamu, na namba ile siku zote ina shughuli. Dada akapiga, nami nikapiga kwa yangu. Muziki ulizidi kunoga. Niliuchukia wimbo ule, na mpaka leo ukipigwa nabadili kituo.

Ya Dada ikapokelewa. Alikuwa ameweka sauti ya nje, kama alivyofundishwa, kwa hiyo nilisikia vizuri kijana wa redioni akichangamka:

"Haloo, uko hewani! Unamsalimia nani?"

"Mume wangu. Yuko juu ya mnara wenu. Zimeni mtambo."

Kijana akaangua kicheko. "Mapenzi hayo, mama! Na ungependa kumwambia nini?"

"Wewe ndiye ninayekuambia! Zima mtambo, mwanangu, mume wangu ataungua! Zima, nakuomba!"

Sauti yake ilitoka kwenye kiredio pia, kwa hiyo alilia mara mbili mle dukani, kwa mdomo wake na kwa mawimbi yale yale aliyokuwa akiyaogopa. Halafu kiredio kikanyamaza. Dada alikikumbatia kama mtoto. Tukatoka mbio, mimi na pini za kushikizia bado nimezing'ata mdomoni, duka tukaliacha wazi.

Tulimkuta Kunguru chini ya mnara, amekaa kwenye ngazi ya saruji, mikono yote miwili ndani ya ndoo ya maji. Siku chache nyuma, yeye akiwa mapumziko, kituo kilifungiwa mtambo wa akiba ili kisikatike hewani kamwe. Ule mkubwa ukizimwa, baada ya dakika chache wa akiba unajiwasha wenyewe. Waliambiwa watangazaji, akaambiwa mhasibu, na nadhani hata mlinzi aliambiwa. Mtu anayepanda ndiye hakuna aliyemkumbuka.

Alikuwa karibu na antena alipohisi joto usoni. Akadhani ni jua. Alipogusa chuma kikamuunguza vidole, ndipo akaelewa, na kushuka kwa vidole vile kukawa kazi.

Mkuu wa kituo alikuwa anatoa jasho na kuomba radhi. Dada hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba kile kipimo cha mawimbi cha kuvaa alichomwahidi fundi wake kila mwaka, anakitaka kabla mume wake hajakanyaga tena ngazi, na kwamba mitambo yote miwili ifungwe kwa kufuli. Kilinunuliwa. Kufuli nazo zipo.

Daktari alifunga vidole, akayamulika macho kwa muda mrefu. Alisema mtambo wa akiba una nguvu ndogo na hakukaa sana, haoni dosari, ila arudi kuangaliwa tena. Dada aliitikia kila neno kwa kichwa. Namfahamu dada yangu; hakuna hata moja lililomwingia.

Jioni ile tulipokwisha kula, Dada akatoa vyombo, akafuta meza, na kimto chekundu hakukileta.

"Sindano zangu ziko wapi?" Kunguru akauliza.

"Pumzika. Vidole vyako hivyo."

"Vimefungwa vidole, macho hayajafungwa. Shemeji, nishikie sindano."

Nikaishika karibu na taa. Akabana uzi kati ya ncha mbili za vidole zilizobaki nje ya bandeji, akausogeza, ukapita pembeni. Dada aliacha kupumua, nilimsikia. Kunguru akaulowesha uzi kwa ulimi, akasogeza tena, na uzi ukaingia.

Dada akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, akijifuta kwa futi ya kupimia iliyokuwa bado shingoni mwake, na mimi nikamfuata, sindano ikaniponyoka.

"Yule kijana alikuuliza unataka kuniambia nini," Kunguru akasema. "Hukumjibu."

"Ushuke," Dada akasema. "Nilitaka kukwambia ushuke."

"Nimeshuka, mke wangu," akasema, na akaniomba niiokote sindano.