Uyoga Wenye Soksi

Wakati nilikuwa mutoto bado, kabla sijawa huyu kijana wa pikipiki ambaye barabara ya Bendera yenyewe inamsalimia kwanza, nilikuwa na nkambo aliyejua uyoga kuliko padri anavyojua misa. Musicheke. Najua wengine wenu mulisoma mpaka mwisho. Mimi na shule tuliachana katikati ya primeri, bila kinyongo, yenyewe huko na mimi huku. Lakini habari ya uyoga mutaisikia kwangu, maana wa kuieleza vizuri hayuko tena. Yaani yuko, ila hasemi.

Nkambo njo bibi, kama mumezaliwa ng'ambo ya ziwa na hamujui. Huyu wangu ni mama wa mama yangu. Kwetu, upande wa Nyunzu, mvua za kwanza zikisha kulainisha udongo, alijifunga kitambaa, akabeba kitunga, akatuita mimi na dada yangu mudogo Feza, tukaingia porini. Alikuwa na kichuguu chake, alichorithi kwa mama yake, na juu yake uyoga mweupe uliota mukubwa kama mwavuli wa mutoto. Aliung'oa polepole, mpaka ule muzizi mrefu unaoshuka ndani ya kichuguu utoke muzima. Aliuinua tuuone.

"Uyoga usio na muzizi hauna ukoo," alisema. "Usiuamini."

Na kila pori, alitufundisha, lina wenyewe: wafu wa udongo ule. Uyoga wa kwanza unaouokota si wako. Unauweka juu ya jani, uso ukiangalia chini, unaenda zako bila kugeuka. Ukikuta uyoga usioujua, watoto hawauli. Unalala kwanza ndani ya muzee. Muzee anakula peke yake jua likishuka, na usiku mwenye pori anakuja kumuuliza, "Nani alikupa?" Kama amekasirika, anamukunja tumbo palepale. Kama amekubali, muzee anaamka muzima, na asubuhi ile watoto wanaruhusiwa.

Mimi mwenyewe niliona ikifanya kazi. Mara moja alionja uyoga wa kahawia, na kabla sufuria haijapoa alikuwa nyuma ya nyumba anatapika. Akarudi anafuta midomo, anacheka. "Mwenyewe amekataa," akasema, akaumwagia mbali. Tangu siku ile niliwatambia watoto wote wa jirani kwamba nkambo wangu anazungumza na wafu kwa tumbo lake. Nani kati yao alikuwa na nkambo wa namna hiyo? Hakuna.

Halafu vita ikaja. Sitaieleza, walioiona wanaijua na ambao hawakuiona hawatanisadiki. Papa na Mama walituambia tutangulie. Mpaka leo bado tumetangulia.

Tukafika Kalemie, kambini, chini ya turubai. Mwanzoni walitugawia unga na maharagi. Baadaye malori yalichelewa, kisha hayakuja. Nkambo alikuwa anapika majani ya viazi vitamu ya kuokota, na Feza alikuwa amefikia ile njaa ambayo mutoto halii tena, anakaa tu na kuangalia vidole vyake. Mvua zikaanza. Asubuhi moja Nkambo alitoka nje ya turubai, akanusa upepo uliotoka milimani nyuma ya muji, si ule wa ziwa, na uso wake ukawa ule wa zamani.

"Bwana yangu," akaniita. Njo alivyoniita daima, bwana yake, na mimi nilijibu kama bwana kweli, mikono kiunoni. "Chukua kisu. Leo unanioa tena."

"Na mimi?" Feza akauliza.

"Wewe ni mwanamuke mwenzangu. Wewe unabeba kitunga."

Tukapanda. Miti ilifanana na ya kwetu, majani yaliyooza yalinuka vilevile. Nkambo alitembea ameinama, anapekua kwa fimbo, na chini ya muti mukubwa akasimama. Uyoga mweupe, msafi, mwingi, kama mutu aliyefua nguo akazianika chini. Aling'oa mumoja. Hakuukuta ule muzizi mrefu. Chini ya shina kulikuwa na kifuko kidogo, laini, cheupe.

Akauangalia muda mrefu. Mimi nilishindwa kunyamaza, kunyamaza si kipaji changu.

"Nkambo, huu ni uyoga wa muji. Umevaa soksi!"

Feza akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tufike. Nkambo akamutazama yeye, si uyoga, na naye akaanza kucheka.

"Bwana yangu ana akili," akasema. "Hapa ni upepo wa ziwa. Hata sisi, tulivaa hizi nguo kwetu? Tumevaa za kugawiwa. Uyoga nao umevaa za hapa."

Muniambie, ninyi mulioshiba, hilo lina kosa gani? Mutu aliyebadilishwa kila kitu, jina lake likawa "deplase", yaani aliyehamishwa na vita, angeshangaa vipi uyoga nao ukibadilika mguu?

Akauweka wa kwanza juu ya jani, uso chini. Akasema maneno kwa Kiluba, kwamba sisi ni wageni, tumekuja na njaa, si na dharau. Tukashuka bila kugeuka. Kambini mama mumoja wa hapahapa Kalemie, aliyekuja kuuza maji, aliona kitunga chetu akasimama, kama anataka kusema kitu. Nkambo akakifunika kwa kitambaa. Kwetu mutu haonyeshi uyoga wake kwa mugeni, atamufuata mpaka kwenye kichuguu chake. Mama yule akabeba ndoo yake akaenda.

Jua likishuka Nkambo alikula peke yake, kwa chumvi tu, sisi tumekaa mbele yake tunameza mate.

"Ni mutamu?" Feza aliuliza.

"Sana. Ndiyo sababu munangoja. Unalala kwanza ndani yangu."

Usiku ule hakuna aliyekuja kumuuliza kitu. Asubuhi aliamka anaimba. Alifagia, akawasha makala ya kupikia, akapasha sufuria. "Mwenyewe amekubali," akasema, na mimi nikaona hiyo ni karamu, na karamu haikosi samaki. Nikamwambia ninashuka kwenye mwalo, wavuvi wakirudi kuna ndagala zinazoanguka kutoka kwenye nyavu, nitarudi shati limejaa. "Munibakizie," nikasema, "na wa kwangu uwe mukubwa, mimi njo mwenye nyumba."

Nilirudi na ndagala, si shati limejaa, lakini nilizibeba kama nimevua ziwa lote. Feza alikuwa nje anaruka kamba na watoto wenzake. Alikuwa ameshakula, midomo inang'aa. Sahani yangu ilikuwa chini ya kitambaa. Nikakaa, nikanawa, nikanyoosha mukono.

"Usiguse!"

Sikujua sauti ile ni ya nani. Nkambo alikuwa amepiga magoti nyuma ya turubai, ameshika tumbo, na yaliyotoka kinywani mwake yalikuwa maji matupu. Akatambaa mpaka kwenye sahani, akaipindua kwenye vumbi.

Akamwita Feza. Akamushika mashavu. "Mama, tumbo liko namna gani?"

"Liko muzuri, Nkambo."

"Linauma?"

"Hapana. Niende kuruka?"

Alimutia kidole kooni, yeye mwenyewe anatapika, mutoto analia kwa kuwa amefanyiwa vibaya bila kosa. Kilitoka kidogo. Halafu tukakaa tukimuangalia. Njo siku niliyoijua dunia, mimi ninayejisifu kwamba siogopi kitu. Feza aliruka kamba mchana mzima mbele ya macho yetu, muzima, anaimba, na Nkambo alimuangalia kama mutu anayeangalia moto ukikaribia nyumba ya jirani.

Jioni tumbo likamushika.

Kwenye kituo cha afya waliwawekea serumu ya mushipani wote wawili. Muuguzi aliuliza uyoga ulikuwaje, na nilipotaja soksi, akaweka kalamu chini. "Huo hauna haraka," akasema. "Unakaa kimya tumboni usiku wote. Mutu anaamka anasema yuko salama."

Nkambo alisikia. Hakulia. Alirudia tu, polepole, "Unakaa kimya."

Kisha Feza akapona. Ndiyo, akapona! Aliamka, akaomba bukari, ule ugali wetu, akanipiga kofi kwa kuwa nimekalia mukeka wake. Nikazunguka kituo kizima nikitamba kwamba dada yangu ana tumbo la chuma. Nkambo peke yake hakufurahi. Aliangalia macho ya mutoto. Yalikuwa yameanza kuwa ya njano.

Tulimuzika Feza kwenye udongo wa kilima kilekile. Nkambo alibaki hai, na sijui kama hiyo tuiite bahati.

Sasa mimi ni mukubwa, nina pikipiki, ninabeba watu na mizigo, na wasichana wa soko wananijua kwa honi. Nimefika Nyunzu kutafuta kichuguu chetu. Wamekichimba kufyatua matofali. Nkambo nilimwomba anifundishe hata majina ya uyoga, yasipotee. Akaniambia, "Kinywa changu kilisema ndiyo." Hakuongeza neno, na hajaongeza mpaka leo. Kwa hiyo majina yatakwenda naye.

Siku hizi anakula wa mwisho. Iwe bukari, iwe sombe ya majani ya muhogo, iwe chai, anangoja wote tumalize na vyombo vipoe, kisha anachukua kilichobaki, kama anasubiri kuona nani ataanguka. Mimi njo ninayeonja kwanza. Ninajipiga kifua, ninasema, "Mwenye nyumba amekubali, kuleni!" Muke wangu anacheka, na binti yetu, tuliyemupa jina Feza, anakula.

Ninacheka nao. Lakini ninajua ninachofanya, na Nkambo kwenye kona yake anajua kwamba ninajua. Kuonja kwangu hakumukingi mutu yeyote. Kila asubuhi mutoto anaamka, anasema yuko muzuri, anaomba ruhusa aende kuruka, na sisi wawili tunamuangalia macho.